Sinia la Maharagwe na Sanduku la Dola 400: Kisa cha Familia Moja ya Brooklyn Park

Mwezi wa Oktoba mama mmoja Mkenya anayeishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, alinipigia simu saa tatu asubuhi, akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Binti yake alikuwa na miaka minne na miezi mitano. Angetimiza mitano mwezi wa Mei, na kwa kuwa jimbo humtaka mtoto awe ametimiza umri huo kufikia tarehe 1 Septemba, ulibaki chini ya mwaka mmoja kabla ya kuingia chekechea, ambayo huko Minnesota ni mwaka wa kwanza ndani ya shule ya msingi yenyewe, wa kutwa nzima na usio na ada tangu mwaka wa masomo ulioanza 2014. Neno la kwanza aliloniambia niliandika palepale: "Mwalimu, nimenunua kila kitu, na mtoto hataki kitu."

Nilifundisha madarasa ya awali Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku, na hadi leo wazazi wa jamii yetu hunitafuta kwa mambo ya namna hii. Ninaeleza kisa hiki kwa idhini ya familia, bila majina, kwa sababu makosa yaliyofanyika ndani yake, langu likiwemo, ni ya kawaida kuliko tunavyokubali kusema.

Mama ni Mtaita wa Voi na baba ni Mkisii, na kama ilivyo katika ndoa nyingi za aina hiyo, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, Kiingereza kikiingia panapozungumzwa mambo ya bili, kazi na gari. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu na hulala njiani siku nne au tano za wiki. Mama hufanya kazi usiku na kulala mchana. Nyanya mzaa mama aliletwa kutoka Voi ili amlee mjukuu, naye ndiye huwa na mtoto kuanzia anapoamka hadi saa nane mchana. Kiingereza cha nyanya ni cha salamu na cha dukani. Mama aliyaeleza haya yote kwa haraka, kama mambo ya pembeni, kisha akarudi kwenye orodha ya vitabu alivyonunua. Mimi nilikuja kuona baadaye kwamba jibu la swali lake lilikuwa limeshapita katika sentensi hizo za haraka.

Kile alichokiita kila kitu kilikuwa ni sanduku la mtaala wa mwaka mzima lililogharimu zaidi ya dola 400, lenye vitabu vitano vya mazoezi, kadi za herufi, na mwongozo wa mwalimu mnene kama Biblia. Programu ya simu iliyolipiwa kila mwezi. Na mabango ya rangi na maumbo yaliyobandikwa hadi kwenye mlango wa jokofu. Mwongozo ulimtaka mwalimu asome maelezo ya somo kwa Kiingereza, aulize maswali kwa maneno yaliyoandikwa, kisha amsimamie mtoto katika kurasa tatu hadi nne za kazi kila asubuhi. Mwalimu huyo wa kwenye mwongozo ni mtu aliye macho saa tatu asubuhi, anayesoma Kiingereza kwa wepesi na asiye na kazi nyingine. Katika nyumba ile hakuwapo mtu kama huyo. Kulikuwa na mama mwenye macho mekundu, na kulikuwa na nyanya.

Nilikwenda Jumamosi. Mtoto alikaa kwenye meza ya jikoni mbele ya ukurasa wa herufi B, ambao ulikuwa na B 24 za vidoti za kufuatisha kwa penseli. Alifuatisha tatu. Ya nne ilitoka nje ya mstari, na mara akateleza taratibu kutoka kwenye kiti hadi chini ya meza, akawa paka. Mama aliita mara mbili bila jibu isipokuwa mlio wa paka. Upande wa pili wa jiko nyanya alikuwa na sinia mapajani, akichambua maharagwe. Baada ya dakika chache paka alitokea, akapiga magoti kando ya sinia, akaanza kuokota vijiwe na kuvipanga sakafuni huku akihesabu, kidole kimoja kwa kila kijiwe, bila kuruka. Vijiwe vilipokwisha aliendelea na maharagwe yaliyotoboka. Alifika ishirini na tisa, akamtazama nyanya, akauliza, "Halafu?" Nyanya akamwambia, "Thelathini." Akasogea mbele.

Nikamwomba anihesabie yaleyale kwa Kiingereza. Alifika kumi vizuri, akapita kumi na moja na kumi na mbili, kisha akaruka hadi kumi na tano, akarudi kumi na tatu, akanyamaza. Mama alipumua kwa uchungu: "Unaona? Hajui kuhesabu." Lakini mtoto huyu alikuwa ametoka kuhesabu vitu ishirini na tisa, kimoja kimoja, mbele yetu. Kiswahili humsaidia mtoto katika sehemu hiyo ya hesabu, kwa kuwa kumi na moja ni kumi na moja kweli, na kumi na nane ni kumi na nane. Jina la namba linaeleza ilivyoundwa, hadi pale ishirini na thelathini zinapokuja na majina yao wenyewe. Majina ya Kiingereza baada ya kumi hayaelezi hivyo, na watoto wengi wanaokizungumza tangu kuzaliwa hujikwaa palepale alipojikwaa huyu. Kwa maneno mengine, dhana alikuwa nayo na majina hakuwa nayo, na majina ni kazi ya wiki chache. Nyanya, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, aliniambia jambo ambalo ningelitoza ada kama ningelisema mimi: "Mwalimu, huyu si mvivu. Amechoka na karatasi."

Upande wa herufi kulikuwa na tatizo la kweli, ila halikuwa la mtoto. Mama alimfundisha majina ya Kiingereza, na nyanya, aliyesoma Voi zamani, alimsahihisha kila alipopita. Kadi ya E mama huiita "ii" na nyanya huiita "e". Kadi ya I mama huiita "ai" na nyanya huiita "i". Kadi ya A mama huiita "ei", sauti ambayo katika sikio la mtoto wa Kiswahili iko karibu zaidi na e. Ina maana kwamba irabu tatu kati ya tano zilikuwa zimebadilishana majina ndani ya jiko moja, na mtoto alipojibu kwa jina la upande mmoja alikemewa na upande wa pili. Akajifunza kunyamaza, na kunyamaza huko kukaandikwa katika mwongozo wa mwalimu, kwenye kisanduku cha tathmini, kuwa hajui. Maneno nayo aliyamalizia kwa irabu, kama sisi sote tulivyofanya: mbwa wa kwenye kadi alikuwa "dogi", na kikombe kikawa "kapu", jambo lililomfanya nyanya siku moja ainuke kwenda kumletea kapu.

Hofu ya mama ilikuwa na chanzo chake. Alikuwa amechapisha viwango vya elimu vya jimbo kwa darasa la chekechea na kuvibandika ukutani kama masharti ya kuingilia. Katika viwango vya hisabati vya Minnesota vya 2007, kwa mfano, mtoto wa chekechea hutakiwa kusoma na kuandika namba kuanzia 0 hadi angalau 31, ambayo ni hesabu ya siku za mwezi mrefu, na kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma hadi angalau 20. Mama aliona binti yake hawezi kuandika 7 na akahesabu miezi iliyobaki. Hakuona kwamba orodha ile inasema mtoto awe ameweza nini anapomaliza chekechea, siyo anapoingia. Wala sikumlaumu, kwa kuwa alikulia mahali ambapo shule nyingi za binafsi humfanyia mtoto mahojiano kabla ya kumpa nafasi, na ambapo mtoto wa miaka mitatu anaweza kurudi nyumbani na kazi ya kuandika. Kwake, mlango wa shule ni mahali pa kukataliwa.

Mlango wa shule ya umma ya Minnesota hauna mahojiano. Unataka umri, kumbukumbu za chanjo, na uchunguzi wa mtoto mdogo ambao sheria inataka ufanyike kabla ya kuanza chekechea au ndani ya siku 30 za kuandikishwa, na ambao hutolewa bila malipo na wilaya ya shule kuanzia mtoto anapofikisha miaka mitatu. Hupimwa macho, masikio, kimo na uzito, hupitiwa chanjo, na hutazamwa ukuaji wa jumla: jinsi anavyozungumza, anavyotumia mikono, anavyofikiri, anavyohusiana na watu. Familia hii haikuwahi kuusikia, ingawa ilikuwa na haki nao kwa zaidi ya mwaka. Ushauri wangu wa kwanza, kabla ya neno lolote juu ya mtaala, ulikuwa wapige simu wilayani. Walipata nafasi Novemba, mkalimani akiwepo. Ukuaji ulikuwa mzuri, chanjo moja ilikuwa imesahaulika, na sikio la kushoto lilitoa jibu la mashaka lililohitaji kurudiwa. Kwa wiki sita nilijiuliza kama "dogi" na "kapu" vilitokana na sikio. Lilipopimwa tena lilikuwa safi. Mtoto alikuwa na mafua siku ya kwanza.

Baada ya hapo tuliketi kuzungumzia mtaala, na mama aliweka mezani njia alizozifikiria. Kuendelea na sanduku ilikuwa ya kwanza, kwa kuwa lilikuwa limelipiwa, na sababu hiyo ina nguvu kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri. Ya pili ilikuwa kutumia programu za simu peke yake. Khan Academy Kids ni ya bure na imetengenezwa vizuri kwa watoto wa miaka miwili hadi minane, na nilimwambia aiweke badala ya ile anayolipia, kwa dakika chache za kusikia majina ya namba na herufi kwa Kiingereza safi. Lakini simu haimwulizi mtoto swali la pili baada ya jibu la kwanza, na haimngojei anapofikiri.

Ya tatu ilinifurahisha. Mama alikuwa amepakua muundo wa mtaala wa PP1 wa Kenya kutoka KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, akauliza, kwa haya kidogo, kama ni upumbavu kuutumia Marekani. Kenya mtoto wa miaka minne huwa PP1 na wa miaka mitano PP2, na mtaala umegawanywa katika shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu, na za dini. Shughuli za hisabati huanzia katika kuainisha, kulinganisha na kupanga vitu kwa mfuatano kabla ya kufika katika kuandika namba. Ndivyo nyanya alivyokuwa akifanya na sinia lake bila kusoma waraka wowote. Nilimjibu kwamba mtaala huo unafaa kwa sababu moja ya wazi: umeandikwa ukimfikiria mwalimu mwenye vizibo vya chupa, mbegu na mchanga, na unaweza kufundishwa kwa Kiswahili. Yaani unaweza kufundishwa na mtu aliyemo nyumbani mle.

Hapo ndipo nilipoweza kulisema lile lililokuwa likinisumbua tangu simu ya Oktoba. Tulikuwa tukilinganisha vitabu kana kwamba vitabu ndivyo vinavyofundisha. Kwa mtoto wa miaka minne mtaala ni yule anayekaa naye. Ukishajua ni nani anayekaa naye saa tatu asubuhi, kwa lugha gani na kwa nguvu kiasi gani, vitabu vingi vinajiondoa vyenyewe mezani, na vichache vinavyobaki ni vile ambavyo mtu huyo anaweza kuvishika.

Baba, aliyekuwa kwenye simu kutoka kituo cha malori Nebraska, hakukubali. "Huku ni Marekani, mwalimu. Kiswahili atakipata Voi." Alitaka nyanya naye aanze kumzungumzisha mtoto Kiingereza, na alitaka fomu ya lugha ya shule ijazwe kwamba nyumbani huzungumzwa Kiingereza tu, kwa kuogopa kwamba mtoto atatengwa katika darasa la wanyonge. Sikubishana naye kuhusu utamaduni, kwa sababu mtu aliye barabarani siku tano hahitaji hotuba. Nilimweleza mambo mawili. Kwanza, kumwambia nyanya azungumze Kiingereza ni kumnyang'anya mtoto mwalimu mmoja bila kumpa mwingine. Nyanya mwenye hadithi, vitendawili na maneno elfu kadhaa angegeuzwa kuwa mtu wa maneno hamsini. Pili, fomu ile huuliza lugha ambayo mtoto alijifunza kwanza, anayozungumza, anayoielewa na anayotumia mara kwa mara na wengine, na majibu yake husababisha apimwe Kiingereza, hasa kusikiliza na kuzungumza, ili apewe msaada akihitaji. Msaada huo ni haki. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu watoto wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtoto asiyeelewa Kiingereza darasani bila msaada hakumpi nafasi sawa, hata kama amepewa vitabu vilevile na mwalimu yuleyule. Mzazi anaweza pia kuukataa msaada huo baada ya kuelezwa. Baba alisema atafikiri. Alifikiri hadi Agosti.

Mpango tulioufikia ulikuwa mdogo mno kwa macho ya mama. Nyanya alipewa asubuhi yote, kwa Kiswahili, akiwa na kazi tatu tu za makusudi. Mojawapo ilikuwa kalenda: kila siku mtoto aliweka haragwe moja juu ya tarehe, akahesabu tangu moja, na mwisho wa mwezi akawa amefika 30 au 31 bila mtu kuitaja hisabati. Nyingine ilikuwa kupiga makofi kwa silabi, ma-ha-ra-gwe makofi manne, kisha kutafuta vitu vinavyoanza na sauti fulani, kwa kuwa sikio linalogundua m mwanzoni mwa mkate litaigundua katika neno la lugha yoyote. Ya tatu ilikuwa hadithi moja kwa wiki nzima. Njia hii ya kurudia kitabu kilekile siku kadhaa mfululizo ndiyo msingi wa mtaala wa Five in a Row wa Jane Claire Lambert, na tuliipindua kidogo: mama, siku yake ya mapumziko, alisoma kitabu cha maktaba mara moja kwa Kiingereza, na siku zilizobaki nyanya aliisimulia hadithi hiyo kwa Kiswahili akifuata picha, akiongeza fisi pale ambapo mwandishi alimsahau. Kwa siku ambazo hakuna kitabu, mradi wa African Storybook una hadithi za bure za Kiswahili zinazosomeka kwenye simu.

Herufi zilibaki kwa mama, dakika 15 baada ya kuamka, ili zisiwe na majina mawili tena. Tuliafikiana kwamba kadi zina jina la mama na sauti ya nyanya, na mtoto akaelezwa hivyo waziwazi: "Mama huiita hivi, nyanya husikia hivi." Watoto huelewa jambo hilo upesi kuliko watu wazima. Kwa maumbo tulichukua wazo la Handwriting Without Tears, mfumo ulioanzishwa na Jan Olsen, mtaalamu wa tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli za kila siku, ambao huanza na herufi kubwa na kuzijenga kwa vipande vya mbao vya aina nne, mistari mikubwa na midogo, mapindo makubwa na madogo, kabla mtoto hajashika penseli. Hatukununua vipande. Tulivikata kutoka kwenye boksi la kadibodi lililoleta mtaala wa dola 400. B ni mstari mkubwa mmoja na mapindo madogo mawili, na mtoto aliyekimbia B 24 za vidoti alizijenga B za kadibodi hadi akaishiwa mapindo. Jumamosi mbili kwa mwezi mama au baba alimpeleka kwenye ECFE, elimu ya familia na watoto wadogo ambayo Minnesota imekuwa ikiiendesha tangu majaribio ya 1974, ambapo mtoto hucheza na wenzake na mzazi hukaa na wazazi wengine chini ya mwalimu, kwa ada inayofuata kipato. Huko alijifunza kungojea zamu, jambo ambalo mtoto wa pekee mwenye nyanya hawezi kujifunza nyumbani.

Septemba alipoanza shule, fomu ya lugha ilikuwa imejazwa kwa ukweli na kipimo kikampeleka kwenye msaada wa Kiingereza. Baba alinuna wiki mbili. Katika kipimo cha kwanza cha kusoma, ambacho shule hulazimika kukifanya mara tatu kwa mwaka tangu sheria ya kusoma ya 2023, alijua herufi kubwa karibu zote, na herufi ndogo alizijua chache kuliko mwalimu alivyotarajia. Hilo ni la mpango wetu; tulizichelewesha mno herufi ndogo, na kama ningerudia ningeziingiza kuanzia Machi. Kuhesabu hakukuwa na shida yoyote, na yale majina ya Kiingereza baada ya kumi aliyakamata kabla ya Krismasi.

Kosa langu kubwa zaidi lilionekana Novemba, theluji ilipoanguka. Mwalimu alituma ujumbe kwamba mtoto huwa wa mwisho kutoka kwenda uwanjani karibu kila siku, na mara mbili mapumziko yalikwisha akiwa bado mlangoni, kwa sababu huvaa glovu kwanza, kisha hawezi kufunga zipu. Miezi yote ile nilipitia herufi, namba, sauti na fomu, na sikuwahi kuuliza kama anaweza kujivalisha nguo za baridi, mahali ambapo mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya ishirini wa kuvalisha. Nyanya ndiye aliyekuwa akimvalisha, kwa upendo, kila siku. Hakuna hata mtaala mmoja kati ya ile tuliyoilinganisha uliokuwa na ukurasa wa zipu, na mimi niliyekulia Mombasa sikuona pengo.

Jioni ile nyanya alitandaza nguo tano sakafuni kwa mstari, suruali ya theluji, buti, koti, kofia, na glovu mwisho kabisa, akamwambia mjukuu wake ahesabu kwa sauti kila anapovaa, na asiguse ya tano kabla ya kusema nne. Mara ya kwanza walitumia dakika 11. Wiki ya pili zilikuwa nne, zipu ikiwa bado inakwama karibu na kidevu.